Kilimo hifadhi, udongo na gunia la mahindi: maswali ambayo wakulima hawaachi kuuliza

Maswali haya yametoka kwenye mashamba darasa, minadani na kwenye simu za saa tatu usiku, mengi yakiwa ya kanda ya kaskazini ya Tanzania: Karatu, Arumeru, Babati. Huko mahindi ndiyo ugali na ndiyo ada ya shule. Anayejibu ameshika ripa, chombo cha kupasulia mistari ya kupandia bila kulima shamba zima, na ameshika pia jembe la palizi mpaka mgongo ukakataa kunyooka, kwa hiyo usitegemee sifa tupu.

Kilimo hifadhi ni nini hasa? Ni kuacha kulima?

Kuacha kulima ni sehemu moja tu. Kuna nguzo tatu: kutibua udongo kidogo iwezekanavyo, kuufunika mwaka mzima kwa mabua, majani au mmea ulio hai, na kubadilisha au kuchanganya mazao, kwa mfano mahindi na jamii ya kunde. Wengi wanashika ya kwanza kwa sababu inapunguza gharama ya trekta, kisha wanaliacha shamba uchi kama uwanja wa mpira. Wakivuna kidogo wanasema kilimo hifadhi ni uongo.

Kiwango cha chini kinachotajwa ni asilimia 30 ya ardhi iwe imefunikwa siku ya kupanda. Huhitaji kipimo cha maabara. Chukua kamba, ifunge mafundo 100, ivute kwa mshazari shambani, halafu tembea ukihesabu ni mafundo mangapi yamekaa juu ya bua au jani. Yakiwa 12, jua bado. Rudia sehemu tatu au nne, maana mabua hayalali sawasawa shamba zima.

Wazo hili limetoka wapi? Si la kuletewa?

Limeletwa, na pia lilikuwepo. Miaka ya 1930 mashamba ya nyanda za kati za Marekani yalipeperushwa na upepo baada ya kulimwa kupita kiasi, na watu wakaanza kulitilia plau mashaka. Brazili, mkulima Herbert Bartz wa Rolândia, jimbo la Paraná, alianza kupanda bila kulima mwaka 1972 baada ya kuchoshwa na mvua kubeba udongo wake. Zimbabwe alikuwepo mkulima Brian Oldreive, naye akipanda bila kulima. Zambia kikaundwa kitengo maalumu cha kilimo hifadhi mwaka 1995. Kuanzia 2004 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ikaendesha mradi Kenya na Tanzania kwa njia ya mashamba darasa, Karatu na Arumeru zikiwemo.

Lakini nenda Mbinga, kusini mwa Tanzania, ukaone ngoro za Wamatengo. Wanafyeka nyasi, wanazilaza chini kwa miraba, halafu wanachimba udongo wa katikati na kuzifukia, kila shimo likizungukwa na tuta. Mlima mkali unashikika kwa mashimo hayo, maharage kwanza, mahindi msimu unaofuata. Kule Dodoma wako wanaopanda bila kulima na wanakuita kuberega. Kasoro ya kuberega ni kwamba nyasi huchomwa kabla ya mbegu kuingia, kwa hiyo nguzo ya kwanza ipo, ya pili inaondoka na moshi.

Trekta inalainisha udongo. Iweje ilaumiwe kwa kuugandamiza?

Inalainisha juu. Sahani za plau zinapita kina kilekile kila mwaka, na pale zinapoishia, sentimita 15 hadi 20 chini, panajengeka tabaka gumu kama sakafu. Ukilima udongo ungali na maji, ni mbaya zaidi. Plau ya ng'ombe nayo hufanya hivyo, na hata jembe la mkono linalogonga kina kimoja miaka nenda rudi.

Usiniamini, chimba. Subiri mahindi yafike kifuani, chagua mche mmoja uliodumaa, chimba kando yake shimo la futi moja na nusu, kisha chokoa ukuta wa shimo taratibu kwa ncha ya kisu kuanzia juu. Mkono utakuambia: kisu kinaingia, kinaingia, halafu kinagoma. Hapo hapo angalia mizizi. Badala ya kushuka inakunja kona na kutambaa kwa pembeni. Mvua ikikatika wiki mbili mahindi hayo yananyauka, na nusu mita chini yake unyevu upo ila hauna wa kuufikia.

Tabaka likiwa jepesi, mbaazi zinalitoboa zenyewe kwa misimu kadhaa. Likiwa zito, kodi chombo cha kupasua kina kirefu kinachovutwa na trekta, upasue mara moja, kiangazi, udongo ukiwa mkavu ili upasuke vizuri. Ukishapasua usirudie plau. Nimeona watu wanalipia kupasua mwezi wa kumi, halafu wa pili wanapiga plau na haro "ili shamba lionekane safi". Hela imezikwa.

Mabua yaliyolala juu yanausaidiaje udongo?

Kwanza yanapokea kipigo cha mvua. Tone la mvua kubwa likigonga udongo mtupu linavunja chembe zake, vumbi laini linaziba matundu, na jua likiwaka panafanya ukoko. Mvua inayofuata haiingii, inateremka na udongo wako kuelekea kwa jirani.

Pili ni maji, na hapa ndipo faida yote ilipo. Milimita moja ya mvua kwenye ekari moja ni kama lita 4,000. Ukiokoa milimita 10 tu zisikimbie na zisikauke kwa jua, umeweka ardhini lita 40,000, yaani madebe 2,000. Hakuna anayeweza kubeba hayo kichwani. Kwa mahindi yanayotoa mbelewele wakati mvua imekatika, madebe hayo ndiyo tofauti ya gunzi lililojaa na gunzi lenye meno matatu.

Tatu, chini ya matandazo kuna kivuli na chakula. Nyungunyungu wanarudi, vijidudu wengine pia, na njia zao zinakuwa mabomba ya kushusha maji. Inua matandazo asubuhi mwezi wa nne, utaona.

Kuna jaribio la bilauri mbili ambalo huwafurahisha hata wazee wabishi. Chukua bonge dogo la udongo mkavu kutoka shamba linalolimwa kila mwaka, na jingine kutoka chini ya ua au mpakani ambapo jembe halijafika. Yatumbukize kila moja kwenye bilauri yake ya maji. La shamba mara nyingi linamomonyoka na maji kuwa kama chai ya maziwa. La mpakani linakaa. Kinacholishikilia ni mboji, nyuzi za kuvu na gundi za vijidudu, vitu ambavyo plau huvikata kila msimu.

Rutuba inapanda haraka?

Hapana. Kwenye joto letu mboji inaoza upesi, na ekari ya mahindi haitoi mabua mengi ya kuirudishia. Sentimita chache za juu ndizo zinazobadilika mapema: zinakuwa nyeusi kidogo, zinameng'enyeka. Chini yake mabadiliko ni madogo mno, na sehemu ya kaboni, ile iliyomo kwenye mboji, inayoonekana kuongezeka juu ni ile ambayo plau ingeichanganya chini. Anayekuahidi hela ya hewa ukaa, yaani malipo ya kuhifadhi kaboni udongoni, kwa ekari mbili za mahindi, muulize atapima kina gani.

Basi tuambie: mavuno yanaongezeka kiasi gani?

Hili ndilo swali, na ndipo penye maneno mengi ya chumvi.

Mwaka 2015 ulitoka uchambuzi mkubwa katika jarida la Nature, uliolinganisha mavuno mara 5,463 kutoka tafiti 610 za nchi 63. Kwa ujumla, kutolima peke yake kulipunguza mavuno. Kulipoambatana na matandazo na mzunguko wa mazao, hasara ilipungua sana, na kwenye maeneo makavu yanayotegemea mvua mavuno yakapanda. Soma tena hapo: maeneo makavu, nguzo zote tatu.

Mwaka 2020 ukaja mwingine, wa Afrika kusini mwa Sahara peke yake, katika Nature Food, wenye vipimo 933 kutoka nchi 16. Wastani wa ongezeko la mahindi ulikuwa asilimia 4.0. Nguzo zote zilipotumika pamoja, asilimia 8.4.

Tuiweke kwenye gunia. Ukivuna gunia nane za kilo 100 kwa ekari, asilimia 4 ni kilo 32, debe moja na nusu hivi. Asilimia 8.4 ni kilo 67. Si haba, lakini si zile gunia ishirini za kwenye kipeperushi. Kipeperushi mara nyingi kimeleta kwa mpigo mbegu chotara, mbolea, dawa ya magugu, kupanda kwa wakati na nafasi sahihi, kisha sifa zote kikampa kilimo hifadhi. Kupanda mapema peke yake kunaweza kuleta gunia ya ziada, na kweli kilimo hifadhi kinasaidia hapo, kwa sababu humsubiri mwenye trekta azunguke kijiji kizima. Mistari yako imeshapasuliwa tangu kiangazi, mvua ikinyesha usiku asubuhi unapanda.

Halafu wastani unaficha mambo. Mwaka wa mvua nzuri, shamba lililolimwa linaweza kulishinda la kwako, na jirani atakucheka. Mwaka mvua ikikatika katikati, wewe utavuna kitu na yeye atakata mahindi ya kulisha ng'ombe. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja ya kumpa mkulima mwenye ekari mbili: gunia zisizoyumba sana. Lakini hoja hiyo haipendezi kwenye ripoti za miradi, kwa sababu mradi ni wa miaka mitatu na ukame hauna ratiba.

Muda nao una neno lake. Faida hujitokeza zaidi kuanzia msimu wa tatu hadi wa tano. Miwili ya kwanza ni ya uvumilivu, na ndiyo watu wengi wanayoachia njiani.

Mwaka wa kwanza mahindi yangu yalikuwa ya njano. Nilikosea wapi?

Huenda hukukosea, ulikosa naitrojeni. Vijidudu vinavyoozesha mabua ya mahindi vinahitaji naitrojeni, na mabua yenyewe hayana ya kutosha, kwa hiyo vinakopa ardhini wiki za mwanzo, wakati ule ule mche wako nao una njaa. Deni linarudishwa baadaye, mahindi yakiwa yameshadumaa.

Weka mbolea ya kupandia shimoni, ile ya kukuzia usiicheleweshe, na mabua yaache juu, usiyafukie, kwani yakifukiwa ukopaji unakuwa mkali zaidi. Samadi iliyoiva ikiwekwa kwenye mstari wa kupandia inasaidia sana. Mwaka 2014 kundi la watafiti lilipendekeza matumizi sahihi ya mbolea yawe nguzo ya nne kwa Afrika, kwa sababu bila mbolea hata mabua ya kufunikia hayapatikani. Wengine walipinga. Shambani kwangu ubishi huo uliisha siku nilipoacha mistari mitano bila mbolea ili nione.

Magugu je? Plau si ndiyo dawa yake?

Ndiyo, na ukiiacha magugu yatakuja kwa nguvu misimu miwili mitatu. Tusidanganyane. Na anayepalilia ni nani? Mara nyingi ni mama na watoto. Baba anaokoa hela ya trekta, mama anaongezewa wiki mbili za kuinama. Kabla hamjaanza, likalieni jambo hilo nyumbani.

Njia ni kutoruhusu gugu litoe mbegu, hata baada ya mavuno, pale ambapo watu wengi huliacha shamba lijiendee. Matandazo mazito yanazuia mengi, na ngwara, zao la jamii ya kunde linalotambaa, ikitanda inayamaliza kwa kivuli. Ndago haiogopi vitu hivyo, itakutesa.

Dawa ya magugu ya glaifoseti inatumika kabla mahindi hayajaota, kwa sababu haichagui gugu na zao. Tumia maji safi. Maji ya lambo yenye tope yanaishika dawa kabla haijafika kwenye jani, halafu unalalamika umeuziwa feki. Vaa buti na kinyago, na chupa ikiisha usiifanye ya mafuta ya kula.

Ng'ombe na mbuzi wanakula mabua yote. Nifanyeje?

Hapa ndipo kilimo hifadhi kinapofia huku kwetu, kuliko kwenye tabaka gumu na magugu kwa pamoja.

Desturi ni kwamba mahindi yakishavunwa shamba ni la wote. Mifugo inaingia, na kumfukuza mbuzi wa jirani ni kuanzisha maneno yatakayofika msibani. Halafu bua lina bei. Kiangazi utaziona pikapu zimejazwa mabua mpaka yanagusa nyaya, zinapanda kwenda miteremko ya Kilimanjaro, ambako ng'ombe wa maziwa wanafugwa bandani na nyasi ni haba. Mtu mwenye njaa ya hela mwezi wa nane anauza mzigo wa mabua, na siwezi kumlaumu.

Kinachofanya kazi kwa kiasi: gawana na ng'ombe. Kata sehemu ya juu ya bua, yenye majani laini, ipeleke bandani. Sehemu ya chini, ngumu, ambayo ng'ombe anaitafuna kwa shida, ibaki shambani. Panda majani tembo kwenye makinga maji ili banda lisitegemee mahindi. Chagua kipande kilicho karibu na nyumba ambapo mtoto anaweza kuona mbuzi akiingia. Sheria ndogo ya kijiji ya kuzuia kuchungia mashambani inasaidia kama imepitishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji na wafugaji wakiwepo. Ikipitishwa bila wao, ni karatasi.

Zao gani ni zuri la kufunika udongo?

Lile ambalo familia inalila au soko linalinunua. Ngwara ndiyo mfalme wa huku: inastahimili ukame, inabaki kijani mahindi yakiwa yamekauka, majani yake ni lishe ya mifugo, na punje zinavuka mpaka kwenda Kenya, ambako wanaiita njahi. Ipande katikati ya mistari wiki tatu hivi baada ya mahindi kuota. Ukiipanda siku moja na mahindi itayapanda na kuyaangusha.

Mbaazi zinaweza kuingia ardhini siku moja na mahindi, kwa sababu mwanzoni zinakua polepole. Tatizo lake ni bei. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa kuingiza mbaazi, watu waliokuwa na magunia ndani walikiona. Mukuna inafunika kuliko zote na inaongeza naitrojeni, lakini punje zake hazifai kupikwa kama maharage, na mkulima wa ekari moja hawezi kulisha udongo tu huku watoto wanamtazama.

Mchwa wanamaliza mabua. Nao viwavijeshi?

Mchwa wakiwa na mabua makavu ya kutafuna mara nyingi huyaacha mahindi mabichi, kwa hiyo usiyaonee huruma mabua hayo. Viwavijeshi vamizi, walioingia Tanzania mwaka 2017, ni habari nyingine. Kagua moyo wa mche, yale majani machanga ya katikati, mara mbili kwa wiki, ulime kwa njia yoyote ile.

Kwa mtama na ngano inafaa?

Mtama na uwele, ndiyo, hasa ukichanganya na mashimo. Dodoma kuna mashimo ya Chololo, yenye jina la kijiji: kina na upana kama sentimita 20 hadi 25, samadi na majani ndani, udongo uliochimbwa unawekwa upande wa chini wa mteremko. Kuyachimba ni kazi. Zambia, ambako mashimo hupangwa sentimita 70 kwa 90, hekta moja inabeba karibu 15,900. Piga hesabu na mgongo wako kabla ya kuniambia ndiyo. Nafuu ni kwamba mwaka wa pili unafukua palepale.

Ngano ni ya mashine. Mashamba makubwa ya Timau na Laikipia nchini Kenya yanapanda bila kulima, kwa sababu wana mashine zinazopenya mabua na ng'ombe wa jirani haingii.

Shamba langu ni udongo mweusi wa mbuga. Nijaribu?

Kwa tahadhari. Udongo huo unashika maji wenyewe, ukiongezea matandazo mwaka wa mvua nyingi mahindi yatasimama kwenye bwawa. Hapo pandisha matuta ya kudumu, usiyavunje kila mwaka, na funika mabondeni mwake. Kama maji husimama zaidi ya siku mbili, afadhali mpunga.

Nahitaji vifaa gani, na nianze na eneo kiasi gani?

Robo ekari. Tena robo iliyo ya wastani, si ile iliyochoka kabisa ambayo huna la kupoteza. Ardhi iliyochoka haitoi mabua, na bila mabua huna cha kuanzia.

Mwenye maksai anahitaji ripa, ile ya Magoye kutoka Zambia inafungwa kwenye mti wa plau ya kawaida baada ya kung'oa jembe lake. Asiye na maksai atumie jembe la mkono kuchimba mashimo, au ile mashine ya kuchoma chini inayodondosha mbegu na mbolea kwa pamoja. Inachosha mikono kuliko inavyoonekana kwenye video, na udongo ukiwa na maji mdomo wake unaziba. Kodini kwa kikundi.

Pima kipande cha kilimo hifadhi na kipande sawa cha kilimo chako cha kawaida, mbegu ileile, mbolea ileile, siku ileile. Wakati wa kuvuna tumia debe moja kupimia pande zote mbili na andika kwenye daftari, siyo ukutani.

Shamba ni la kukodi. Ina maana?

Kwa mkataba wa msimu mmoja, hapana. Wapo waliotengeneza udongo miaka miwili, ngwara ikatanda, mwenye shamba akapita, akaona pamependeza, akasema mwaka huu atalima mwenyewe. Omba misimu minne kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na muandike humo kwamba mabua ni ya mpangaji na hayachungiwi. Akikataa hicho kipengele cha mabua, panda ngwara peke yake, vuna punje, na shamba lenye matandazo lifanye kwenu.